Paka wa Tano wa Ma Kokutona

Usinitazame hivyo. Naujua uso wa mtu anayejiandaa kucheka. Haya ninayokusimulia hayakumtokea shangazi wa jirani yangu, wala sikuyaokota kisimani. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata tone la pombe ya rubisi. Padri niliyemweleza aliiacha chai yake ikapoa. Wewe ukitaka kucheka, ngoja kwanza nimalize.

Wakati ule wa vijiji vya ujamaa tulihamishwa kutoka kwenye vibanja vyetu, hapa hapa Muleba, tukapelekwa rweya, kwenye nyasi tupu ambako wazee wetu walikuwa wakichunga ng'ombe tu. Kibanja, kama hukijui, ni migomba, ni mibuni, ni makaburi ya babu zako nyuma ya nyumba. Unakiachaje? Lakini tulikiacha. Mume wangu, Baba Asimwe, alikuwa balozi wa nyumba kumi, na balozi atawaambiaje wenzake wahame huku yeye amekaa? Tukajenga kijumba cha udongo, tukaezeka nyasi, tukaanza upya.

Na kule tukakuta panya. Jamani, panya wale! Walikula maharage, wakala sabuni, na usiku mmoja wakamng'ata binti yangu Asimwe kisiginoni. Alikuwa na miaka minne, mtoto wangu wa pekee aliyebaki hai, maana wawili waliomtangulia niliwazika. Nilipoiona ile damu kwenye mkeka nikasema basi, leo ama mimi ama panya. Lakini paka atoke wapi? Kijiji kizima hakikuwa na paka hata wa dawa.

Ndipo nikawakumbuka paka wa Ma Kokutona. Huyu alikuwa jirani yetu kule kibanjani, bibi mjane asiye na mtoto, na aligoma kuhama. Viongozi walipomfuata aliwaonyesha makaburi ya mumewe na wakwe zake akawauliza, "Hawa nimwachie nani?" Wakamwacha, wakasema atachoka mwenyewe. Hakuchoka, alikufa. Watu waliorudi kuchuma kahawa zao walimkuta amekaa mlangoni, siku kadhaa zimeshapita, paka wamemlalia mapajani. Tukamzika palepale, tukamviringishia lubugo, ile nguo ya gome la mti, kwa sababu alikuwa ameshajiwekea tayari kitandani.

Wiki mbili baada ya mazishi, siku ya Jumamosi, nikaenda na gunia la kahawa. Kwetu paka anayehamishwa habebwi mikononi. Anatiwa guniani asiione njia, la sivyo kesho utamkuta amerudi kwao. Nikamtia mama paka, wa rangi ya majivu, amekonda mpaka mbavu zinahesabika, nikawatia na watoto wake niliowakuta karibu na mafiga. Walikuwa wangapi? Sikuhesabu. Nyumbani kwa baba yangu ilikuwa mwiko kukinyooshea kidole kiumbe hai na kukihesabu, awe mtoto, awe ndama, hata kifaranga. Tuliambiwa ukihesabu umekiita kifo kije kuchagua. Kwa hiyo nilizoa tu nilichokiona, nikavuta mlango, nikaufunga kwa kamba ya mgomba mbwa wasiingie, nikaondoka.

Njiani watu wakanisifu. Eti Mama Asimwe ana huruma, amewaokoa paka wa marehemu. Huruma gani? Mimi nilikuwa na panya.

Asimwe alifurahi kupita kiasi. Aliwalaza kwenye nguo zake, akawapa jina kila mmoja, akawa hali mpaka wale. Panya nao, sijui walitangaziana vipi, usiku uleule kimya. Hata mume wangu, ambaye alikuwa hataki hata kumwona paka, asubuhi nilikuta mmoja wao amejikunja kwenye koti lake na yeye amemwachia. Nikasema nyumba sasa imekuwa nyumba.

Ila mama paka hakutulia. Hakukaa na watoto wake, alikuwa anasimama mlangoni akilia, anakwaruza ubao mpaka kucha zinatoka damu. Nikasema ni ugeni, atazoea. Nikaegemeza kinu kwenye mlango asitoke.

Siku ya tatu, Jumatatu, kijiji kizima kilikuwa kwenye shamba la pamoja, upande wa pili wa kilima. Mimi niliruhusiwa kubaki kwa sababu kisigino cha Asimwe kilikuwa kimevimba. Kama saa tisa hivi mvua ikashuka, ile ya ziwani inayokuja na giza lake. Mama paka akaacha kulia. Akakaa, akautazama mlango. Halafu mtu akabisha.

Nikasogeza kinu, nikafungua. Alikuwa mwanamke mzee, amejitanda lubugo mpaka usoni, jicho moja tu linaonekana. Sikushtuka, kwa nini nishtuke? Wazee wengine walikuwa bado wanavaa hivyo, na mgeni wa mvua haulizwi jina. Nikapiga magoti kama nilivyofundishwa, nikamsalimu kwa heshima ya kwetu, "Wasibota, waitu." Akapita, akakaa chini kwenye nyasi tulizotandika sakafuni, nami nikaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama apokelewavyo mgeni yeyote kwetu. Akachukua punje moja, akaishika tu.

Nilipoinama kukiweka kikapu ndipo nikaona. Nje mvua inapiga kama imetumwa, na lile lubugo ni kavu. Kavu kabisa! Na lilikuwa na harufu ya udongo uliochimbuliwa karibuni.

Paka wote wakamkimbilia, mikia juu. Asimwe naye, bila kuitwa, akaenda akapanda mapajani kwake akalaza kichwa. Mtoto wangu aliyekuwa akilia akishikwa na wageni! Yule mzee akamshika mkono wa kushoto. Halafu, Mungu wangu, akanyoosha kidole akaanza kuhesabu. Kidole kikatua juu ya mama paka. "Mmoja." Kikatua kwa mtoto wa kwanza. "Wawili. Watatu. Wanne." Nikataka kumwambia usihesabu waitu, kwetu ni mwiko, lakini kidole hakikunisubiri. Kidole kikazunguka polepole, kikashuka kwenye kichwa cha binti yangu.

"Watano," akasema. "Wangu walikuwa watano. Sasa wametimia."

Ile sauti niliijua. Ilikuwa imeniita alfajiri kuomba moto miaka yote ya ndoa yangu. Nikamrukia Asimwe nimnyakue, na haki ya Mungu nakuambia, sikuweza kumwinua. Mtoto wa miaka minne alikuwa mzito kama jiwe la kusagia, amelala, midomo imegeuka rangi. Nikavuta, nikalia, nikamtaja Bikira Maria. Wapi!

"Mwache," Ma Kokutona akasema, wala hakupandisha sauti. "Umemfungia wangu wa tano nyumbani kwangu. Akifa, huyu ni wangu. Kamlete upesi."

Ungefanya nini wewe? Ungekaa kubishana? Nilitoka mbio, kichwa wazi, miguu mitupu. Kutoka rweya hadi kibanjani ni mwendo wa saa nzima, na kila nilipoteleza kwenye matope nilimwona mwanangu na ile midomo. Nilimwita mume wangu kwa sauti yangu yote, lakini nani angenisikia katika mvua ile?

Na sasa nikuambie jambo ambalo hata padri sikumwambia. Siku tuliyohama, Ma Kokutona alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, nani atanichotea maji?" Kisima kiko bondeni na magoti yake yalikuwa yamekwisha. Nikamjibu, "Mimi, waitu. Kila Jumapili baada ya misa nitakuja." Nilikwenda Jumapili mbili. Ya tatu kulikuwa na mkutano, ya nne nilikuwa nimechoka, halafu nikaona haya kwenda kwa sababu sikwenda. Unajua haya ya namna hiyo? Mtu unazidi kukosa kwa kuogopa kuulizwa kwa nini ulikosa. Tulipomzika, mtungi wake ulikuwa mkavu. Wote waliuona. Mimi peke yangu nilijua ulikuwa ukimngoja nani.

Nilifika, nikaikata ile kamba kwa meno. Ndani giza na baridi. Nikaita nyau, nyau, kimya. Nikapapasa mafigani, hakuna kitu. Nikapapasa chini ya kitanda, hakuna. Nikaanza kupiga kelele kama mwendawazimu, "Uko wapi? Nionee huruma, uko wapi?" Ndipo nikasikia mkwaruzo mdogo. Alikuwa ndani ya ule mtungi. Alikuwa ametafuta maji mtoto wa watu, akaingia, akashindwa kutoka. Niliuvunja kwa jiwe. Alikuwa mweusi, mdogo kama ngumi yangu, hana nguvu hata ya kufumbua macho. Nikamtia kifuani chini ya gauni, ngozi kwa ngozi, nikahisi moyo wake unapiga mara moja, unanyamaza, unapiga. Njia nzima nilikuwa namwomba. Si Mungu, nilikuwa namwomba yule paka.

Ma Kokutona alikuwa palepale nilipomwacha. Asimwe alikuwa hapumui, au kama alikuwa anapumua mimi sikuona. Nikaanguka magotini, nikamweka yule paka juu ya nyasi mbele ya yule mzee. Mama paka akaja, akamnusa, akaanza kumlamba. Alimlamba muda mrefu. Mwishowe kile kiumbe kikafungua mdomo kikalia, kilio chembamba, na papo hapo Asimwe akakohoa.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Nisamehe yale maji."

Aliniangalia kwa lile jicho moja. Nilidhani atasema neno la kunituliza, wazee wetu hawakosi neno. Yeye aliuachia tu mkono wa Asimwe, akainuka, akatoka mvuani, na mbele ya mlango wangu hakukuwa na unyayo hata mmoja. Ile punje ya kahawa ilibaki kwenye nyasi.

Mume wangu aliporudi alinikuta nimemshika mtoto na paka watano, sitaki kumwachia hata mmoja. Alisema nimeota kwa homa. Wiki ileile nikapeleka maji kaburini, na nimepeleka kila Jumapili mpaka miguu yangu nayo ilipokataa. Hayakubadilisha kitu.

Ni kweli Asimwe alipona, akakua, akasoma, leo ni mtu mzima anakaa Kashai, kule Bukoba mjini, ana duka na watoto watatu. Lakini mkono wake wa kushoto, ule alioshikwa, haujapata joto tangu siku ile. Ni mzima, unafanya kazi, ila ni wa baridi kama wa maiti. Wanawe walipokuwa wachanga, akiwagusa kwa mkono huo walilia, akajifunza kuwabeba kwa mmoja. Mumewe alimwambia alale upande mwingine. Kwa madaktari wamezunguka mpaka wamechoka. Ameniuliza mara nyingi, "Mama, nilizaliwa hivi?" Nami humjibu, "Ni malaria ya utotoni, mwanangu." Sijaweza kumwambia kwamba kosa lilikuwa langu na baridi akapewa yeye. Wewe umejua kabla yake.

Basi, ulitaka kucheka, cheka. Lakini kama kuna mtu mahali fulani uliyemwambia utakwenda kumwona, na hukwenda, na sasa unaona haya, meza hiyo haya uende. Nenda leo angali anaweza kukugombeza. Usisubiri aje yeye.