Visu Chini ya Godoro la Iskra

Mama yangu mdogo Zorana kazi yake ni kuuliza watu maswali ambayo wengine hawataki hata kuyasikia. Anafundisha chuo kikuu kule mjini Niš, Serbia, na utafiti wake ni wa wanawake wenye ugonjwa wa akili wanaotaka kuzaa: nani hasa ana haki ya kuwaambia wazae au wasizae. Sisi nyumbani tulikuwa tunamtania kwamba analipwa kwa umbea. Anacheka, halafu anakurudishia swali.

"Umewahi kusikia mwanaume akiambiwa, wewe kichwa chako kibovu, usizae? Kuna mmoja nilimkuta wodini ana watoto watano, hakuna aliyemuuliza kitu. Kitanda cha pili kuna mama kalia tu baada ya kujifungua, mtoto kashachukuliwa."

Sasa chuoni hawakujua kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulazwa, enzi za usichana wake. Akapona, akasoma, akaolewa na Rade, dereva wa malori. Kwa hiyo mimba ilipoingia, raha na woga viliingia mlango mmoja. Mji wetu mzima wa Knjaževac hakuna aliyejua kuliko yeye yanayowapata akina mama wa namna yake.

Akazaa mtoto wa kike, Iskra, kadogo, kana hasira. Rade yuko barabarani huko Austria, basi Zorana akaja kukaa arobaini kwetu, kwa mama yake, yaani bibi yangu Vidosava. Na bibi ana sheria zake. Mzazi haachwi peke yake. Nepi zinaingia ndani kabla jua halijazama. Na mtoto lazima alale karibu na chuma, maana kuna wale mashetani wa kike wanaowadhuru wazazi, na chuma ndicho wanachokiogopa.

"Mama, nimesoma miaka yote hii nije kumlaza mtoto na vyuma?" Zorana akasema. "Atalala na shuka safi, basi."

Bibi akaendelea kukunja nepi. Anayemjua bibi yangu anajua huko si kukubali.

Asubuhi moja Zorana anabadilisha shuka za kitanda cha mtoto, mkono ukagusa kitu cha baridi chini ya godoro. Kisu. Kile cha kukatia pilipili hoho, chenye mpini mweupe.

Hakukumbuka kukiweka. Lakini siku hizo alikuwa hakumbuki hata simu kaiweka wapi, maana usingizi ulikuwa umemkimbia kabisa. Na alishawahi kukaa na wanawake waliofanya mambo wasiyoyakumbuka, akawasikiliza wakilia. Akakichukua, akakificha kwenye banda la kuni.

Kesho yake, kingine. Keshokutwa yake, kile kikubwa cha mkate. Vyote vikaishia bandani.

Utasema, si angeuliza tu? Angeulizaje? Ukiuliza nani kaweka kisu kwa mtoto, umeshasema kisu kilikuwepo, na watu wote wanakugeukia wewe uliyewahi kulazwa. Akaanza kukataa kumbeba Iskra wakiwa wawili tu chumbani. Anasema mgongo unauma. Ananyonyesha bibi akiwepo, halafu anamrudisha haraka kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Milunka, nesi anayezungukia wazazi majumbani, akaja kumwona.

"Unalala, Zorana?"

"Nalala vizuri, sista."

Jibu hilo alilijua. Wanawake wa kwenye utafiti wake ndio waliomfundisha: ukiulizwa, sema unalala.

Ikafika siku ya wanawake kuja kumwona mtoto. Bibi kaoka gibanica, ile pai ya mayai na jibini, nyumba nzima inanukia. Jirani yetu Radmila kaja na visoksi na mdomo wake. Milunka naye alikuwa anapita, akavutiwa kiti, akapewa kahawa. Bibi akafungua droo akate gibanica. Akafungua ya pili.

"Vido, umeuza visu ununue mayai?" Radmila akamuuliza.

"Nyamaza wewe."

"Mimi nina meno, lete tu nikukatie."

Bibi akafunga droo kwa kishindo. "Nyumba hii ina mwizi. Kila nikimwekea mtoto chuma, kesho yake hakipo. Nadhani ni wale mashetani wenyewe wanakuja kuvichukua. Sijapata usingizi wiki nzima."

Kikombe kikamtoka Zorana mkononi.

"Chini ya godoro. Ni wewe, mama?"

"Ulitaka awe nani? Ungenikataza tena."

Zorana akaketi pale pale sakafuni. Akacheka, akacheka, mpaka tukaona hicho si kicheko tena.

"Nilidhani ni mimi," akasema.

Na hapo Zorana angeweza kujifuta machozi, mambo yakaisha. Lakini fumbo la visu ndilo lililokwisha, usingizi haukuwa umerudi. Akamwangalia Milunka.

"Sista, nilikudanganya. Silali. Namsikia akilia wakati amelala. Sasa mkimchukua..."

Milunka akaweka kahawa chini. "Siwezi kukuahidi daktari atasema nini. Ila twende leo, na mtoto tunaenda naye."

"Arobaini haijafika," bibi akasema. "Mzazi hatoki." Akamtazama mwanawe pale chini. Halafu akaenda kuchukua koti lake. "Lakini mzazi haachwi peke yake. Twende wote."

Radmila akaikata gibanica kwa mikono, akatufungia ya njiani.

Daktari aliuliza maswali mengi, mwisho akauliza nani atakuwa anakaa na huyu mama.

"Usiku mimi, mchana jirani," bibi akajibu. "Hatujawahi kufanya vingine."

Daktari akampa Zorana dawa, akaagiza mtoto apewe maziwa ya kopo kwa sababu ya dawa hizo, akawaruhusu warudi nyumbani. Mama na mtoto, wote. Njia nzima ya kurudi Zorana kamshika Iskra mguu, gari likipunguza mwendo tu anamkaza.

Sasa analala, ingawa mlango ukigongwa bado anatangulia kumnyanyua mtoto kabla ya kuuliza nani. Visu vimerudi kwenye droo. Chini ya godoro kaweka kijiko, kwa mkono wake.

"Nacho ni chuma, mama."

Bibi akakigeuza, akakiangalia. "Haya. Wakija tutawapa supu."