Bwana Mwenye Tofaa Usoni

Mama yangu aliposhuka botini kutoka Yanonge na kuingia nyumbani kwangu, hapa mjini, komuni ya Tshopo, hakuomba maji wala kiti. Alisimama mbele ya ukuta wa sebule akamtazama mwanaume niliyemtundika pale: koti jeusi, tai nyekundu, kofia ya duara, bahari na mawingu nyuma yake, na tofaa la kijani lililoelea hewani likaufunika uso wake karibu wote.

"Huyu iko nani?"

"Iko picha tu, mama. Muchoraji mumoja aliichora, inajulikana dunia muzima."

"Nimeona kama iko picha. Nauliza mutu."

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa na sina mume. Kwetu, picha ya mwanaume mwenye tai ikionekana ukutani kwa mwanamke kama mimi, basi huyo ni marehemu au ni mchumba. Mama hakuona dalili yoyote ya msiba.

Nikajitahidi kumweleza. Nakala ile niliinunua kwa muuza mabango sokoni, na nilikuwa nimesoma mengi juu yake. Nikamwambia kwamba kila tunachokiona kinafunika kitu kingine, na kile kilichofunikwa ndicho tunachotamani kukiona. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Donc wewe pia haujamuona uso," akasema.

Siku moja nilirudi kutoka shuleni nikaikuta picha imelazwa kifudifudi mezani, mama amevaa miwani, ameinama juu yake. "Nyuma hakuna kitu," alisema, kama mtu aliyeuziwa gunia lenye mchanga.

Akamwita tonton, mdogo wake marehemu baba yangu, anayevua samaki kwenye maporomoko. Alikuja na samaki wawili na uso wa mtu aliyeitwa kwenye kesi. Nikadhani nikiwaonyesha siri zenyewe za mchoro wataelewa kuwa ni kazi ya sanaa. Nikawaonyesha jicho moja linalotokeza kidogo pembeni mwa tofaa. Nikawaonyesha mkono wa kushoto, jinsi kiwiko kinavyoonekana kupinda kwa nyuma.

"Anatuchungulia?" tonton akauliza.

"Ni namna ya kusema, tonton."

"Na mukono ilivunjika?"

"Haikuvunjika. Ni maana tu."

"Muchoraji iko mutu wa wapi?"

"Mubelgiji."

Tonton akaketi. "Bon. Basi iko anaficha kitu."

Mama akawaleta wanawake wa kikundi cha maombi cha mtaa, akiwaomba wamwombee bwana huyo afunue uso. Mmoja wao alisema huyo ni Adamu, tunda limemkwama kabla ya kufika mdomoni. Kusema kweli, maelezo yake yalinipendeza kuliko yale niliyoyasoma.

Jumamosi iliyofuata alikuja mwalimu mwenzangu wa hesabu kuniletea karatasi za mtihani. Alikuwa anatoka harusini, kwa hiyo alivaa koti na tai. Mama akamtazama, akatazama ukuta, akaingia jikoni akarudi na chungwa. Machungwa yetu huiva yakiwa bado ya kijani.

"Papa, samahani. Simama hapa kidogo. Shika hii mbele ya uso."

Mwenzangu alilelewa vizuri. Alinitazama mimi, nami nikatazama sakafu, naye akaliinua chungwa. Mama akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande. Tonton, aliyekuwa anakula kwanga, ule mkate wa muhogo, kwenye kona, akasema, "Mabega ni yake."

"Mama," sauti ikatoka nyuma ya chungwa, "nibaki hivi mpaka saa ngapi?"

"Uko na bibi?"

"Niko na bibi, mama. Na batoto batatu."

Mama akashusha pumzi. "Bon. Kula chungwa yako."

Akalimenya akalila, akanieleza habari za mtihani kana kwamba hayo humpata katika kila nyumba anayoingia. Mimi nilitamani mto Tshopo upande mpaka mlangoni unichukue.

Baadaye, tukiwa tunachambua pondu, majani ya muhogo, mama alisema bila kuniangalia, "Sikukuja kukuchunga. Naogopa tu siku utaugua, na hakuna mutu wa kukuletea maji."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Badala yake nikamwambia juu ya jirani yangu, mjane anayeniita kila asubuhi kupitia uani. Nisipoitika anakuja mwenyewe kugonga. Mama aliacha majani, akajifunga kitenge, akaenda kumwona. Walikaa huko mpaka pondu ikaiva. Aliporudi alikula vizuri na hakuuliza tena habari za ukutani.

Siku ya kuondoka, hata hivyo, nilimkuta ameikunja picha na kuifunga kwa uzi. Sikumkatalia. Akapanda nayo botini, akaishika juu isiloe.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Picha iko sebuleni kwake Yanonge, na watu wanapita kuitazama.

"Unawaambia iko nani?"

"Nawaambia iko mukwe yangu. Iko na haya."

"Mama, waambie ukweli."

"Nitawaambia," akasema. "Lakini wamemuletea samaki. Ngoja kwanza zikauke."