Mashine Iliyojificha Daa

Sisi tuliokulia Karatu wakati mtaa mzima una televisheni moja tunajuana. Hakuna kati yetu ambaye hakukanyagwa vidole sebuleni kwa baba Joeli. Yeye alikuwa dereva wa watalii, na mgeni wake mmoja alimwachia kanda za video za mchezo wa Kizungu. Umeme ulikuwa bado haujafika kwetu, kwa hiyo akishashusha wageni alichomoa betri ya gari, akaiingiza ndani na kuunganisha nyaya, nasi tukakaa sakafuni tumebanana, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mama alikuwa akipaza sauti ng'ambo ya ua, "Leo mtakula hiyo hiyo televisheni!" Hakuna aliyeinuka.

Mchezo wenyewe ulihusu mashine ya kusafiria kwenda zamani. Kiingereza chake hatukukijua, baba Joeli alitutafsiria alivyopenda. Utamu ni kwamba mashine haikuonekana kama mashine. Ikitua sokoni inajigeuza kibanda cha samaki, ikitua shambani inakuwa banda la kuku, na watu wanapita kando yake hawana habari. Ukifungua mlango sasa, ndani pakubwa kama kanisa, taa zinawaka, ngazi zinapanda kwenda kusikojulikana. Kazi yetu ilikuwa kubahatisha, picha ikianza tu: ni ipi? Lile pipa! Aa wapi, ni kile kibanda. Mimi nilikuwa hodari wa kupatia, na nilijisikia. Kesho yake tunaitafuta mtaani. Tuligonga tangi la maji la shule tukisikiliza kama kuna ukumbi ndani, mpaka mwalimu akatutandika wote.

Likizo nilipelekwa kijijini Daa kwa bibi, mama yake mama, na huko ndiko wivu wangu ulikoanzia. Bibi alikuwa akimlea Fabiola, binti wa mjomba wangu, rika langu kabisa. Nyumba ya bibi ilikuwa ile ya kale ya Wairaqw, iliyochimbwa ubavuni mwa kilima. Paa la udongo lililala sawasawa na mteremko, nyasi zimeota juu, mbuzi wanakula. Ukitokea upande wa juu huioni, unaona moshi tu unatoka ardhini. Wazee walijenga hivyo makusudi, enzi za kunyang'anyana ng'ombe na Wamaasai, ili wavamizi wapite juu wasijue kuna watu. Unaingia umeinama, ukiinuka unashangaa: nguzo zimepangana, jiko, vihenge vya nafaka, ng'ombe upande wao, na nyuma kabisa, kwenye giza, chumba cha bibi na ndama.

Nilipomsimulia Fabiola ile mashine, nilitegemea ashike mdomo. Alikuwa akichambua maharage. Akasema bila kuinua kichwa:

"Kwani hiyo si nyumba yetu?"

Neno lile "yetu" lilinichoma, kwa sababu alisema kweli. Mimi nilikuwa na televisheni, mwenzangu alikuwa na mashine yenyewe. Tena yake ilifika zamani kwelikweli, maana kwenye kile chumba cha nyuma, kabla ya kulala, ndiko bibi alikosimulia jinsi yeye na mama yake walivyojificha, mkono umeziba mdomo wa ndama asilie, kwato zinapita juu, udongo unawadondokea kichwani. Na huko mimi sikuruhusiwa kulala. Wageni tulilazwa kwa mjomba, kwenye nyumba mpya ya bati.

Kila likizo niliomba. Kila likizo bibi alinijibu, "Wewe mtoto wa mjini, moshi utakukohoza, mama yako atanisema." Nikawa nafanya mazoezi. Nilikaa karibu na jiko nikibana kikohozi mpaka machozi yananitiririka, bibi ananitazama tu, kisha ananipa kikombe cha maziwa mgando na kunionyesha mlango. Asubuhi Fabiola anatoka ananuka moshi na ndama, ananisimulia nusu ya hadithi, halafu anakatiza katikati akateke maji. Jamani, nilitamani kumfinya!

Siku kubwa kuliko zote ndiyo niliyoikosa. Mfugaji mmoja wa Kimaasai kutoka upande wa Ngorongoro alikuwa akipeleka ng'ombe mnadani. Akashuka kilimani kwa njia ya mkato, akajua anapita malishoni kumbe yuko juu ya paa la bibi. Masika ilikuwa imelilainisha. Mguu wa ng'ombe ukazama, ukatokezea ndani juu ya chungu cha makande, Fabiola amekaa pale pale! Bibi alicheka mpaka akashika nguzo. Alisema, "Babu zake walipita hapo juu wasituone. Huyu kaja kwa amani, ndiye kanifikia jikoni." Yule mgeni alitahayari, akabaki kuliziba paa kwa mikono yake, wakala pamoja. Nami nilikuwa Karatu kwa baba Joeli, nimekodoa macho, nabahatisha kama mashine ni pipa au kibanda.

Bibi alifariki mimi nikiwa sekondari. Nyumba bila moto haidumu, paa likaanguka, nyasi zikafunika kila kitu. Juzi nilikwenda na mwanangu Brayani. Watoto wa siku hizi, simu inawaonyesha dunia nzima na hakuna kinachowashtua. Nilishamwonyesha mchezo wa mashine kama ile yetu, akaniambia picha zimeungwa vibaya. Sisi kitu kilijificha tukakitafuta hadi viboko. Wao kila kitu kinajileta chenyewe, wanakipitisha kwa kidole gumba.

Tulisimama juu ya kile kilima, hata mimi sikujua mlango ulikuwa wapi. Fabiola, aliyetupokea pale Daa, alijua. Alitembea kwenye majani akionyesha kwa mguu: hapa mnaingia mmeinama, hapa jiko, hapa ulizama mguu wa ng'ombe. Halafu akaenda mbele zaidi, akachuchumaa, akaweka kiganja chini. Hapa bibi alilala, hapa ndama. Akaanza kusimulia ile hadithi ya kwato, na safari hii hakukatiza. Brayani alitia simu mfukoni. Kwangu hajawahi kuitia simu mfukoni.

"Mama," akaniuliza, "wewe ulikuwa unalala upande gani?"

Fabiola akaniachia nijibu mwenyewe. Nikanyoosha kidole kule chini, kwenye nyumba ya bati ya mjomba. Brayani aliitazama kidogo, akamgeukia Fabiola.

"Mamdogo, halafu wakafanyaje?"

Wakainamisha vichwa, wakaingia wote wawili pale pasipo na mlango. Mimi nikabaki juu na mbuzi.