Kilichobaki cha Sauti ya Mama Chebet

Jumanne, Mei 1998. Asubuhi ukungu na baridi.

Marafiki, leo Chebet alikuja ofisini kuomba sauti ya mamake.

Mamake ndiye aliyetusomea maelezo ya programu yetu ya kompyuta ya kufundisha wakulima wa chai. Tulimzika kijijini Merigi wiki jana.

Nikamuuliza Otieno, mpiga picha aliyemrekodi, kanda iko wapi.
"Nilirekodi kazi nyingine juu yake, madam. Si Kiprono aliweka yote kwa kompyuta?"
Kiprono, aliyeunda programu, akainama. "Diski ilijaa, nikabakisha sentensi moja. Nilijua Otieno ana kanda."
Mimi msimamizi sikuwa nimewauliza nani anaihifadhi.

Tukamchezea Chebet: "Chuma majani mawili na chipukizi. Asante."

"Rudisha hapo kwa asante," akasema.
Tulirudisha tena na tena mpaka stima ikapotea, kompyuta ikazima.

Nyinyi mngemwambia nini?
Saa saba usiku, nalala.