Gauni Jeupe la Filamu

Mshonaji wa Mtaa wa Sikukuu hubana pini midomoni, na hata akicheka hazidondoki. Siku hizi anashona magauni ya filamu ya televisheni, iliyotokana na riwaya ya zamani ya mapenzi aliyoipenda tangu usichana wake, ambamo mchumba alisafiri asirudi. Wa kwake naye alikwenda Mtwara, akapotelea hukohuko. Jana mwongozaji, binti Joyceline, alileta kitambaa cheupe.

“Shikamoo mama. Mwisho tumeubadilisha. Mchumba anarudi, wanaoana.”

“Marahaba.” Akazitoa pini mojamoja, akazilaza mezani, kisha akakipapasa kile kitambaa, akakipapasa tena. “Na atasema alikuwa wapi muda wote huo?”

“Aa, mama nawe! Watu wanataka harusi tu.”

“Mwulizeni, mwanangu. Hata kama ni filamu.”