Mke Niliyemwacha Nje ya Wasifu

Naikumbuka siku tuliyomzika mzee mmoja pale Ipyana, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, na shule yenyewe iliishia hapo, lakini wasichana wenye hati ya kusomeka tulikuwa wachache. Unajua huku kwetu mtu hafukiwi kimyakimya. Wasifu wake lazima usomwe kaburini: alizaliwa wapi, alioa nani, ameacha watoto wangapi. Wakasema niuandike mimi. Nikajiona mtu.

Mdogo wa marehemu akaniita pembeni. Yeye akasema, mimi nikafuata na kalamu. "Ameacha mke mmoja na watoto watano." Hapo mkono ulisita. Mke wa pili nilimjua, mama aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, aliyekuwa na watoto watatu wa marehemu, mbali na hao watano. Wali wake nilishaula. Lakini nikajiambia, anayesema ni ndugu wa damu, mimi ni nani? Nikaandika.

Karatasi ikasomwa mbele ya watu wote. Yule mama alikuwa amekaa chini na wafiwa, kitambaa cha msiba kiunoni. Aliposikia "mke mmoja" akainua uso, akatutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyefungua mdomo. Na mimi sikufungua.

Nyumbani nilimkuta bibi yangu jikoni, ananisubiri.

"Haya, mwandishi! Habari zile alikupa nani?"

"Mdogo wa marehemu, bibi."

"Na shamba la mpunga la marehemu analitaka nani?"

"Yeye huyohuyo, bibi."

"Mwingine uliyemuuliza?"

"Hakuna."

"Mwenye mume alikuwa hatua kumi kutoka ulipokaa. Miguu yako ilikuwa na funza?"

Kesho yake nikawapelekea wazee karatasi mpya. Wakasema kilichosomwa kaburini kimesomwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa karatasi yangu yule mama akaondolewa shambani na nyumbani, akavuka Songwe na wanawe mvua zikiwa bado zinanyesha. Mtoto wake wa mwisho, wa kike, homa ikamchukua hukohuko. Ukoo wa baba yake haukwenda kumzika, maana kwa maandishi hakuwa wao. Mama yake sikumwona tena.

Sasa nasikia umejitolea kuandika kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo kila mtu anaisoma na yeyote anaruhusiwa kuandika. Mambo ya simu siyajui sana, wajukuu ndio hunisomea. Ila karatasi naijua. Yangu ilisikiwa na watu wa vijiji viwili tu, ikafanya niliyokuambia. Yako itasomwa na watu usiowajua, na wataiamini.

Kwa hiyo nisikilize. Habari ya mdomo mmoja usiiandike. Ukiandika, sema umeitoa wapi, ili mwenye shaka aende akaone mwenyewe. Ikiwa ni habari ya ukoo wako, au kanisa lako, au mtu anayekulisha, mpishe mwingine aandike. Undugu si ushahidi, nimekuonyesha. Usimpambe mtu, usimtukane. Mkono ukisita, simama, kauliza. Kuuliza si ujinga. Wakongwe wa kazi hiyo wakikukosoa usinune, wala usigombane nao kama watu wa kisimani. Mimi ningetoa chochote nipate mmoja wa kunikosoa kabla karatasi haijasomwa. Na wewe una bahati ambayo mimi sikupewa: kosa lako unaweza kulifuta. Basi lifute siku hiyohiyo uliyolijua, hata kama hakuna aliyekuona.

Kyala, Mungu wa wazee wetu, akupe mkono mzito wa kuandika na mwepesi wa kufuta. Asiwepo mtoto atakayezikwa na wageni kwa sababu ya neno lako. Nenda, mwanangu, ukafanye kazi.