Kilimo Siyo Kulima

Juma lililopita, kwenye kaunta ya maktaba ya Nachingwea, nilisimama nyuma ya mzee wa kijiji cha Mnero aliyetaka kitabu cha kulima ufuta. Ofisa kutoka Dar es Salaam alikuwa ameleta diski yenye programu ya kompyuta ya Ulaya, pamoja na barua ya kufuta programu aliyoiandika mkutubi mwenyewe.

Ofisa akaandika "kulima". Kompyuta ikajibu hakuna.

"Basi, mzee, hamna."

Mzee akanyoosha kidole kwenye rafu. "Na kile cha kijani? Si kimeandikwa kilimo?"

"Kilimo siyo kulima, mzee. Herufi ni tofauti."

Mzee akamtazama viatu, kisha mikono.

Mkutubi akachomoa diski ya ofisa, akaweka yake, akaandika mzizi "lim" tu. Vikatokea vitabu vya kilimo, ukulima, mkulima na wakulima, vyote pamoja.

"Mama, hii yako huko Ulaya haitafaa," ofisa akasema.

"Sijawahi kuombwa kitabu na mtu wa Ulaya," akajibu, huku anagonga muhuri kitabu cha kijani.

"Barua inasema diski yetu itumike."

"Barua nimeipokea."

Tunaambiwa cha kununua ndicho cha kitaalamu, chetu ni majaribio. Mimi nimemwona mtaalamu akionyeshwa kitabu kwa kidole na mkulima.

Na amri imetiiwa. Jana nilipita tena, nikakuta diski ya Ulaya inatumika: mkutubi ameiwekea kikombe chake cha chai juu.